Kitabu cha Wageni cha Nyumba ya Mfalme

Nimeanza kuandika habari hii mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi. Mara ya kwanza nilijifanya mwema. Mara ya pili nilijifanya mbaya kuliko nilivyokuwa, na hiyo nayo ni namna ya kujisifu. Mara ya tatu sikumbuki nilikosea wapi, ila niliona haya. Sasa nitaandika ilivyokuwa, na pale nisipojua nitasema sijui. Nilisoma madarasa manne tu kwa masista, upande wa Beni, kwa hiyo anayesoma anivumilie.

Tulivuka mpaka kuja Bwera, upande wa Uganda, mwaka wa vita ya Kongo, mimi na mume wangu na godoro moja. Waasi walikuwa wamempasua baba mkwe wangu bega kwa shoka mbele ya duka lake. Halafu askari wa serikali waliokuja kutuokoa wakawachoma majirani zetu wawili ndani ya ghala la kahawa, kwa sababu waasi walikuwa wamelala humo. Naandika yote mawili kwa kuwa watu wa kwetu hupenda kusimulia moja tu, kila mtu na lile linalompendeza.

Bwera walitupokea vizuri. Lugha ya watu wa mlimani ni karibu sawa na yetu, na majina ni yale yale. Sisi mtoto hapewi jina kwa kuchaguliwa. Anapewa kwa nafasi aliyozaliwa. Wa kwanza wa kiume ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu vile vile, na ni hivyo nyumba hadi nyumba, pande zote mbili za mpaka. Ukiita jina la mtoto wa pili sokoni, wanageuka watu kumi. Mume wangu alikuwa wa pili. Kwenye safu yetu ya meza sokoni, yeye akiuza vitenge na mimi ndizi, kulikuwa na wawili wengine wa pili: mmoja muuza samaki wakavu wa Katwe, mwingine fundi wa baiskeli aliyeshuka kutoka Mahango. Waliitana "majina", kama tunavyosema Kongo kwa mtu mliyefanana jina. "Majina, niazime kisu." "Majina, mke wako iko nakuangalia vibaya." Kutwa nzima ilikuwa hivyo.

Tulidhani tumeacha mapanga nyuma yetu. Hatukuwa tumeyaacha. Watu wa mlimani walikuwa wamekataa machifu wa mfalme wa nchi ya chini, na miaka ile yote ya sitini moshi wa nyumba ulionekana mara kwa mara huku na huku. Nilimwona mwanamume wa Maliba aliyevunjwa magoti yote mawili na watu wa chifu, akiburutwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Nilimwona pia mke wa karani wa chifu, mgongo umefunguliwa kwa panga la watu wa mlimani, ameketi kando ya barabara ananyonyesha mtoto huku nzi wamemjaa. Sijui nani alianza. Kila niliyemuuliza alijua, na kila mmoja alijua vingine.

Sasa nyumba yenyewe. Ilikuwa juu ya kilima, ukitoka Bwera kwenda upande wa Kasese, bati jekundu, baraza pande zote. Mfalme hakuwa akikaa humo. Alifikia humo alipokuja kuitazama nchi yake, na siku nyingine machifu wake waliitumia kwa kesi na kodi. Mawe yake waliyabeba baba za watu wa mlimani kwa kichwa, bila malipo, na aliyechelewa alifungwa kwenye nguzo ya baraza. Nguzo hiyo ilikuwa na pete mbili za chuma, moja juu na moja chini. Hapo walichapwa viboko. Kila ukoo wa mlimani ulikuwa na mtu wake wa nguzo ile.

Serikali ilipoondoa wafalme, nyumba ilifungwa, halafu ikafunguliwa, na kibao kikasimamishwa kusema ni makumbusho, wageni wanakaribishwa. Aliyebaki kuilinda ni mzee mmoja wa kabila la mfalme, aliyekuwa mtumishi wa humo tangu ujana wake. Miaka ya kuchomeana nyumba, yeye hakukimbia. Watu walisema aliachwa kwa sababu hakuwahi kushika kiboko, kazi yake ilikuwa kuchemsha maji ya kuoga ya mfalme. Wengine walisema alishika. Mimi nilimwuliza mara moja, akanijibu, "Muhara wangu, nilishika birika." Muhara kwa lugha yao ni binti.

Ndani kulikuwa na ngoma mbili kubwa zilizovishwa ngozi, mikuki, kiti, ngozi ya chui iliyoliwa na wadudu, na beseni la kuogea la chuma cheupe, refu kama mtumbwi. Watu walicheka sana juu ya beseni lile. Mama mmoja alisema, "Kumbe huyu mutu alikuwa anapikwa!" Mzee alikasirika, akatutoa nje wote, halafu akaturudisha kwa sababu hakuwa na wageni wengine.

Na kulikuwa na kitabu. Serikali ilimpa kitabu kikubwa cha wageni chenye mistari: jina, anakotoka, sababu ya kuja. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu. Nilikuwa nikipita kwake baada ya soko kumpelekea ndizi zilizobaki, mume wangu akinisindikiza, na siku moja aliniomba nimwandikie. Kuanzia hapo ikawa kazi yangu. Wageni wakija siku ya soko, nawaandika mimi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, nalieleza ili asiyekuwa wa kwetu aelewe. Kwetu mtu haingii uani kwa mwenzake akasema nimekuja kutazama. Anayetazama bila salamu ni mwizi anayepima mlango, au ni mchawi. Hata ukija kudai mbuzi wako, unasema nimekuja kuwasalimia, halafu mbuzi anafuata. Basi mstari wa sababu nilipouona, sikufikiri hata kidogo. Kwa kila mtu niliandika: Amekuja kusalimia kwa mfalme. Ukurasa baada ya ukurasa. Wengi wao walikuwa watu wa mlimani waliokuja kuiona nguzo iliyowachapa baba zao. Wengine waliitemea mate. Nami niliwaandika kwa heshima kwamba wamekuja kusalimia kwa mfalme. Na mume wangu, kwa kuwa alikuja nami kila mara, nilimwandika kila mara. Nilidhani si haki kumwacha.

Halafu jeshi likachukua serikali. Miezi ya mwanzo hatukuona tofauti. Baadaye mnyororo ukawekwa kwenye lango la kilima, na sokoni watu wakaulizana kila wiki: iko wazi? Imefungwa? Mmoja anasema ameona mnyororo, mwingine anasema ameona mnyororo umening'inia tu bila kufuli. Mzee hakuonekana kuja kununua chumvi. Nilisema mara mbili tatu kwamba twende tukamwangalie. Mume wangu alisema, "Nyumba ya mfalme, na askari wako Kasese wanatafuta watu wa mfalme? Tulia."

Aliyetutia njiani ni fundi wa baiskeli. Baba yake alikuwa amekufa mwezi huo huko Mahango. Alikufa na makovu ya viboko mgongoni, na fundi, mwaka hadi mwaka, hakuwahi kwenda kuiona nguzo. Alikuwa akisema ataenda tu siku baba akiwa hayupo, asije akarudi nyumbani akamtazama baba vibaya. Sasa akasikia kwamba serikali ya askari itaibomoa nyumba. "Nataka niguse ile chuma tu," alisema. "Nikishaigusa, waibomoe, waichome, waipike supu."

Muuza samaki akasema, "Majina, mimi niliiona. Ni muti tu na vyuma."

"Basi nitagusa muti."

"Na ikiwa imefungwa?"

"Tutarudi. Kilima si mbali na miguu ni yangu."

Mume wangu alicheka, akafunga vitenge vyake. Sitasema alilazimishwa. Nilimtazama na nikafurahi, kwa kuwa nilitaka kumwona mzee. Nilibeba mkungu mdogo wa ndizi. Ilikuwa bado mchana, jua kali, soko limeanza kupungua.

Mnyororo ulikuwa umening'inia bila kufuli. Muuza samaki akasema, "Iko wazi." Tukapanda, fundi akisukuma baiskeli yake. Hatukuona mtu mpaka tulipofika uani, na hapo tuliona gari la jeshi nyuma ya nyumba, na nguo za kijani zimeanikwa juu ya ngoma ya mfalme. Fundi alikuwa tayari ameshafika barazani. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye pete.

Askari wa kwanza alitoka mlangoni na kumpiga kitako cha bunduki mdomoni kabla hajauliza neno. Nilisikia meno. Wengine watatu wakatoka, wakatulaza chini kifudifudi kwenye changarawe, wanaume na mimi. Mmoja akasimama juu ya mikono ya muuza samaki kwa buti, akawa anageuka geuka kama mtu anayezima sigara.

"Nyinyi nani? Nakuja fanya nini hapa?"

Fundi hakuweza kusema, damu ilikuwa imejaa. Mume wangu akasema, "Afande, tulikuja kutazama nyumba. Tulidhani iko wazi."

"Wazi kwa nani? Wewe mtalii? Wewe mzungu?" Wakacheka, wakampiga mateke ya mbavu, kila teke na neno: "Mtalii! Mtalii!"

Mkubwa wao alikuwa sajenti. Sikujua kabila lake na sitabahatisha, kwa sababu watu wamelaumu makabila mengi kwa miaka ile. Alikuwa mtu mfupi, sauti yake ya chini. Alinitoa kifudifudi akaniambia nikae kwenye ngazi, na hakuna askari aliyenigusa siku ile. Hilo lazima niliandike. Wapo wanawake wa Kasese ambao hawawezi kuliandika.

Alikuwa na kitabu mkononi. Kitabu cha wageni. Nilikijua kwa mbali kwa doa la chai.

"Nani anaandika hii?"

Muuza samaki aliinua kichwa akanitazama. Simlaumu. Mikono yake ilikuwa bado chini ya buti.

"Mimi, afande," nilisema.

"Wewe mwanamke? Soma."

Nikasoma. "Amekuja kusalimia kwa mfalme. Amekuja kusalimia kwa mfalme."

"Mfalme gani? Uganda iko mfalme?"

"Hapana, afande."

"Sasa watu hii yote nasalimia nani? Nasalimia beseni?"

Askari wakacheka. Nilieleza desturi, kwamba kwetu ni adabu tu, kwamba mtu hasemi amekuja kutazama. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, naona hata alinisikiliza kwa makini, halafu akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Hii jina. Hapa. Hapa tena. Hapa. Mara sita. Huyu mtu nasalimia mfalme mara sita, hata mimi sijasalimia mama yangu mara sita mwaka huu. Iko wapi?"

Akamgeukia mume wangu. "Jina yako?"

Mume wangu akataja jina lake. Sajenti akampiga kiboko cha kiboko, ile ngozi yenyewe ya mnyama, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Halafu akamuuliza muuza samaki. Muuza samaki akataja jina lile lile. Sajenti akasimama. Akamuuliza fundi. Fundi akatema damu, akataja lile lile.

"Nyinyi mnanichezea?"

Nilipiga kelele kwamba ni kweli, kwamba wote ni watoto wa pili, kwamba hata huko Bwera wako mia. Hawakunisikia, au walisikia baadaye. Fundi ndiye aliyepigwa zaidi, kwa kuwa yeye alikuwa wa tatu kulitaja na ilionekana kama mzaha umezidi. Walimpiga mpaka shati likaingia ndani ya nyama. Hakulia. Muuza samaki alilia kwa niaba yake. "Mama yangu! Afande, huyu hajawahi kufika hapa, hata siku moja!" Huo ulikuwa ukweli, na alipigwa kwa kuusema.

Sajenti alipochoka alikuja kuketi ngazi moja chini yangu. Alipumua kama mtu aliyelima.

"Mama," aliniambia, sasa kwa upole, "sikiliza. Mimi nataka mtu wa kitabu, hapana mtu mwingine. Jioni gari nakwenda Kasese. Napeleka mmoja. Wewe uliandika, wewe unajua. Onyesha mmoja. Ukikataa, napeleka watatu."

Tulijua gari la Kasese. Wenye mashamba ya pamba walikuwa wameshaanza kuokota watu kwenye mifereji, mikono imefungwa nyuma. Mtu hakuwa akirudi na gari lile.

Nitaandika nilichofikiri, kwa mpangilio, ingawa wakati ule hakukuwa na mpangilio. Mtu wa kitabu alikuwa mume wangu. Mara zote sita, ni yeye. Muuza samaki aliingia mara moja, na hiyo sikumwandika kwa sababu alikuja siku isiyo ya soko. Fundi hakuwa ameingia kamwe. Kama nikisema kweli, mume wangu anakwenda, na wawili wasio na kosa wanarudi kwa wake zao. Kama nikimwonyesha mwingine, nimeua. Niliwatazama. Muuza samaki alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda, naona alikuwa anasali rozari. Fundi alinitazama moja kwa moja. Alikuwa mgeni kwetu kuliko mwenzake, na nadhani alijua mtu wa kuonyeshwa ni yeye. Mume wangu akasema kwa lugha yetu, taratibu, "Sema ni mimi. Usichelewe."

Nikasema, "Afande, hakuna aliyekuja."

"Nini?"

"Majina haya niliyatunga. Watu hawakuwa wakija. Mzee mlinzi aliniambia nijaze kitabu ili wakubwa waone wageni ni wengi, asifukuzwe kazi. Nikaandika majina ya sokoni yaliyonijia kichwani. Ni uongo wote, afande. Hakuna aliyesalimia mtu."

Sijui ulitoka wapi uongo huo. Nilikuwa nimeusema wote kabla sijaujua. Nilidhani mzee hayupo, amekimbia au amekufa zamani. Hilo nalisema si kwa kujitetea, maana sikuuliza. Ningeweza kuuliza. Ningeweza pia kusema ni mimi peke yangu niliyedanganya, bila kumtaja mtu. Kila nikifika hapa ndipo ninapochana karatasi.

Sajenti alicheka. Alicheka kwa furaha kabisa, akapiga kitabu kwenye goti. "Mzee mwizi! Nadanganya serikali! Leteni yeye!"

Wakaenda nyuma, kwenye chumba cha ngoma, na wakamtoa mzee. Walikuwa wakimtumia kuwapikia. Alikuwa na mwiko mkononi bado. Hakutuona, kwa macho yake yale na jua lile. Wakamvua shati. Hawakuhitaji kutafuta mahali pa kumfungia, pete zilikuwepo.

Mzee alijua Kiswahili kidogo sana, cha chumvi na maji. Askari walimpigia kelele maneno ya serikali, ya uongo, ya kitabu, na yeye alikuwa akiuliza kwa lugha ya kwao, ile ya watu wa mfalme, amefanya nini. Naijua lugha yao kiasi cha kuelewa hilo. Aliuliza mara nyingi. Mgongo wa mzee si kama wa kijana, ngozi haina nyama chini yake, inafunguka kama gome la mgomba. Baada ya muda kiboko kilikuwa kinatoa sauti ya kitu kilicholowa. Alijikojolea. Askari mmoja aligeuza uso, nilimwona, na aliyekuwa akipiga akamwita mwanamke. Mimi sikugeuza uso. Sijui kama hiyo ilikuwa adhabu niliyojipa au nilitaka tu kuhakikisha kwamba uongo wangu umekubaliwa.

Walipomfungua alianguka upande. Sajenti akachana kurasa za kitabu, akawagawia askari wake wasokote tumbaku, akasema, "Chukueni takataka yenu. Hapa hakuna makumbusho. Mtu akija tena kutazama, mimi namtazama yeye."

Tulishuka kabla ya jua kuzama, mzee amelazwa kwenye baiskeli ya fundi, mume wangu akishika upande mmoja na muuza samaki upande wa pili kwa viwiko, kwa sababu vidole vyake havikukunjika. Fundi alitembea nyuma. Ndizi zangu nilizikumbuka tulipokwisha kufika barabarani.

Mzee hakuwa na mtu Bwera, kwa hiyo tulimlaza kwetu. Muuguzi wa misheni alikuja kumfunga. Mume wangu, ambaye yeye mwenyewe hakuweza kulala chali, alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Siku ya nne homa ilishuka na mzee akaanza kusema. Na alichosema, aliwaambia majirani wote waliokuja kumpa pole, ni kwamba amepigwa kwa ajili ya mfalme wake. Walitaka amkane, naye hakumkana. Alisema hivyo akiwa ameinua kidevu. Hata wale wa mlimani walimsikiliza kwa heshima. Mtu mmoja ambaye baba yake alichapwa kwenye nguzo ile alimletea maziwa.

Nilimwambia mume wangu, "Lazima nimweleze."

"Umweleze ili nani apone?" alinijibu. "Wewe au yeye?"

"Si haki aamini uongo."

"Haki ulikuwa nayo pale kwenye ngazi, mama. Nilikuambia useme ni mimi. Sasa mwache na kitu chake."

Alikuwa amekasirika, na sikujua kama ni kwa kuwa nilimtoa mzee badala yake au kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hai. Sikumuuliza. Nikanyamaza, siku baada ya siku, nikimlisha mzee uji, naye akiniita muhara na kunisimulia jinsi mfalme alivyopenda maji yake yawe.

Siku ya kumi na moja walikuja wake wawili, wa muuza samaki na wa fundi. Waliniletea kuku jike, mnene, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni. Walimsalimia, wakapiga magoti mbele yangu, na mke wa fundi, mtu wa maneno mengi, akaanza.

"Mama, ulimi wako Mungu aubariki. Mume wangu ananiambia kila siku: yule mama angalisema jina, mimi ningekuwa mferejini. Kumbe alimsingizia mzee tu, basi, na watatu wakapona! Mimi ningekosa akili hiyo. Mimi ningelia tu."

Alisema mbele ya mkeka kama vile hakuna mtu juu yake. Sidhani alikuwa na ubaya. Walizoea kumwona mzee kama sehemu ya ile nyumba.

Na alisema kwa lugha ya mlimani, ambayo mzee alikaa nayo miaka arobaini.

Wale wanawake walipoondoka, mzee alikaa pale pale mkekani mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni. Halafu akauliza bila kunigeukia, "Uliwaambia nini juu yangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, neno kwa neno, na kwamba nilidhani hayupo, na kwamba sikuuliza.

"Basi hawakunipiga kwa ajili ya mfalme."

"Hapana, baba."

"Walinipiga kwa wizi."

"Ndiyo, baba."

Aliguna kidogo. Nilingoja anilaani, na nilikuwa tayari, labda hata nilitaka. Hakunilaani. Alimwita mume wangu, akamwambia kwamba anataka kwenda barabarani kungoja lori la abiria la kwenda Kasese, na kutoka Kasese atajua njia ya kwenda kwa watoto wa dada yake. Mume wangu alisema asubiri mgongo ukauke. Mzee akasema mgongo ni wake.

Tulimvalisha shati la mume wangu. Baiskeli ya fundi ilikuwa bado kwetu, imeegemezwa ukutani, mume wangu akaigeuza, akamnyanyua mzee kumpandisha kwenye kiti cha nyuma, lakini baiskeli ikawa inayumba na mzee hakuwa na nguvu ya kujishikilia. Nikaenda mbele, nikashika usukani kwa mikono miwili na kubana gurudumu kwa magoti yangu. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu. Aliangalia juu ya kichwa changu, kule milimani. Aliniacha niishike mpaka alipokaa sawa, kisha akamgonga mume wangu begani kumwambia waende.